Pilipili Iliyofungwa Uzi Mwekundu

Miaka ile, Kasulu nzima, hakuna mwanamke aliyeijua China kunizidi mimi. Kabila gani linamwagiana maji, kabila gani linapika wali wa rangi, pembe ya pombe inapokewaje mlangoni: ulikuwa unakuja kwangu unaambiwa. Mwenyewe sijafika hata Tabora, na darasa la nne nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini nilikuwa na masikio mawili, na Makarius alikuwa na mdomo.

Basi mwaka ule wa tisini na mbili, masika yameshika, Makarius kakaa kwenye kinu changu jikoni anatupa hadithi. Mimi napepeta maharage. Esteri, binti wa marehemu kaka yangu niliyemlea mwenyewe, anamenya mihogo na kujifanya hasikilizi.

Makarius alikuwa mpiga ngoma wa kijiji cha Titye. Mwaka uliotangulia kundi lao lilichukuliwa kwenda China, kusini magharibi kule kwenye milima, wakapige ngoma kwenye sikukuu za makabila madogo madogo majira ya kuchipua. Alirudi na koti la kijani na maneno yasiyoisha. Alimpenda Esteri, na Esteri alimpenda yeye. Hilo hata mbuzi wangu alilijua.

—Tukafika kwenye lango la kijiji cha Wamiao, akasema Makarius. —Wasichana wamesimama njiani. Vichwani wamevaa mapambo ya fedha kama pembe za ng'ombe, wakitikisika unasikia cheng, cheng. Wamekuzibia njia. Mkononi wana pembe ya ng'ombe ya kweli, imejaa pombe ya mchele.

—Pombe kabla ya salamu? nikauliza. —Hao watu wana akili.

—Ndiyo salamu yenyewe, shangazi. Sasa msafiri anatakiwa aweke mikono nyuma, wamnyweshe kidogo, apite. Ukiigusa pembe kwa mkono wako, umeikubali yote. Unaimaliza.

—Na wewe ukafanyaje? Esteri akauliza. Kumbe alikuwa anasikiliza.

—Mimi mtoto wa Kiha, nimefundwa. Mkubwa akinipa kitu napokea kwa mikono miwili.

—Ukaishika?

—Nikaishika kwa mikono miwili na goti nikakunja. Jioni ile ngoma alipiga Dadi, kiongozi wetu, peke yake. Mimi nilikuwa nimelala chini ya meza ya mwenyekiti wa kijiji.

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Esteri hakucheka sana. Alikuwa na neno lake kooni, nikaliona linapanda.

—Makarius, picha ziko wapi?

—Nimeshakwambia. Kamera ililoa. Kule kwa Wadai, kabila jingine, mwezi wa nne wanamwagiana maji, anayeloa zaidi ndiye aliyebarikiwa zaidi. Bibi mmoja kanijia kwa nyuma na ndoo nzima.

—Hapa mwezi wa nne Mungu anatumwagia bure, nikasema mimi, —wala hakuna anayeshukuru.

—Ndoo moja ikaua picha zote, akasema Esteri.

—Zote.

—Hata moja haikupona.

—Esteri, ukitaka kuniita mwongo niite tu. Usinizungushe kama kuku.

Shaka hiyo ya Esteri haikuwa yake peke yake, ilitoka mjini. Kulikuwa na kijana anaitwa Bazilio, mpiga ngoma mwenzao aliyeachwa siku ya safari kwa sababu alizidisha kulewa. Huyu alikaa stendi akitangaza kwamba kundi halikufika China wala nini. Lilikaa gesti Dar es Salaam mwezi mzima likila maandazi, na koti la kijani ni la mtumba wa Kariakoo. Kasulu ikapenda hadithi ya Bazilio kuliko ya Makarius. Ya Bazilio ilikuwa fupi.

Makarius akasogeza kinu karibu na Esteri, akapunguza sauti. Na mimi nikapunguza kupepeta, maana sauti ikishuka ndipo penye nyama.

—Sikiliza hii ya wali. Wamiao wana sikukuu ya wasichana, majira hayohayo ya kuchipua. Wasichana wanapika wali wa rangi, wanapaka kwa majani na maua: manjano, nyekundu, kijani, kama kanga. Kijana anaimba mlangoni kuomba wali. Msichana anamfungia, na ndani anaficha kitu. Hasemi neno. Kitu ndicho jibu. Akikuta pamba, maana yake nitakukumbuka. Akikuta vijiti viwili vimelala pamoja, maana yake niko tayari, lete wazee.

—Na kama hamtaki?

Makarius akajikuna shingo. Akatazama mvua.

—Hilo niulize siku nyingine.

—Kwa nini si leo?

—Kwa sababu leo nimeuliza mimi. Masika yakiisha nataka wazazi wangu walete jembe la posa hapa kwa shangazi. Nitakuta vijiti au pamba?

Esteri akainama kwenye mihogo yake.

—Hilo na mimi niulize siku nyingine, akasema.

Makarius alipoondoka, binti akanigeukia.

—Umeona, shangazi? Nimemuuliza kitu kidogo tu, hadithi ikamwishia. Mtu aliyeona kwa macho hawezi kukwama hapo.

—Mwanangu, wewe unataka kuolewa na Makarius au na China?

—Sitaki kuitwa mke wa mwongo. Nipite sokoni Bazilio aniulize, "Shemeji, Wachina hawajambo?" Nitaficha wapi uso?

Mdomo wangu mwenyewe ulishawahi kumcheka mke wa mtu kwa kosa dogo kuliko hilo.

Sasa nilikuwa na redio yangu ya betri. Betri zilikuwa zimechoka, nikawa naziweka juani mchana zipate nguvu za kunisomea matangazo ya vifo. Jumapili moja Esteri anazungusha kinundu kutafuta kwaya, akaangukia redio ya Wachina kwa Kiswahili. Mama wa Kichina, Kiswahili chake kimenyooka kama cha mwalimu mkuu, anawaeleza wasafiri habari za sikukuu za kusini magharibi. Vaa nguo usizozionea uchungu. Usikasirike ukimwagiwa maji. Kisha akaja kwenye wali.

—"Msichana akiweka vijiti viwili, amekubali," ikasema redio. —"Akiweka pilipili, amekataa. Kijana akipata pilipili, yeye..."

Betri zikakata roho hapohapo.

Nikazitoa, nikaziuma kwa meno, nikazirudisha. Wapi.

—Pilipili, akasema Esteri. —Kumbe ni pilipili.

—Umeridhika sasa? Si umesikia? Sikukuu ipo.

—Sikukuu ipo, shangazi. Je, yeye alikuwepo? Bazilio anasema aliyasikia redioni haya haya.

—Bazilio anasema hata mimi ni mchawi.

—Nitampikia. Nitamwekea pilipili. Kama alikuwepo kweli itamchoma moyoni, atakuja mbio kuniuliza kwa nini. Kama alisikia redioni tu itamchoma mdomoni, atakuja kucheka kwamba nimekosea mapishi.

—Na akija mbio?

Akatoa kwenye nywele zake vijiti viwili alivyovichonga mwenyewe, laini kabisa, vimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu alioufumua kwenye utepe wa kwaya.

—Akija mbio nampa hivi.

Na mimi nikaona ni mchezo mzuri. Kwetu, mwanaume kukataliwa mara ya kwanza ni sawa na kupiga hodi tu. Anarudi. Anatuma shangazi zake, anatuma mjomba, analeta pombe. Msichana anayekubali siku ya kwanza wazee wanamtilia shaka. Nani angefikiri Muha atapokea "hapana" moja akaenda nayo?

Esteri akapika. Manjano kwa binzari, nyekundu kwa maua ya rosela, kijani kwa majani ya maboga yaliyopondwa. Ulitoka mzuri mpaka nikaona aibu kuula. Akafunga kwenye jani la mgomba, katikati pilipili moja nyekundu, nayo kaifunga uzi uleule wa kwaya ili asije akadhani imetumbukia kwa bahati mbaya. Nikatumwa mimi.

Nilimkuta Makarius uani kwao anawamba ngozi ya ngoma.

—Mwidiwe, shangazi.

—Mwidiwe. Nimetumwa na wasichana wa Kimiao.

Akacheka, akanawa mikono, akapokea kwa mikono miwili kama alivyofundwa. Akafungua jani. Alipoona zile rangi uso ukamng'aa kama mtoto. Akachimba kwa vidole taratibu. Akaipata.

Akaikamata kwa uzi wake, ikaning'inia. Mimi nikawa nasubiri kichekesho.

—Vipi, imekuchoma?

—Imechoma, shangazi.

Akaiweka kwenye mfuko wa shati. Kisha akala wali ule wote, punje kwa punje, hakubakiza hata ule wa kwenye jani. Akanawa tena.

—Mwambie Esteri nashukuru sana kwa wali. Ulikuwa mzuri.

—Basi?

—Basi, shangazi. Nashukuru.

Nikarudi. Esteri yuko mlangoni, kajipaka mafuta mpaka miguuni.

—Amesemaje?

—Amekula wote. Ameshukuru.

—Pilipili kaiona?

—Kaiona, kaitia mfukoni.

—Hakuuliza kwa nini?

—Hakuuliza.

—Hakukasirika?

—Amesema wali ulikuwa mzuri.

Akakaa kizingitini. Akavitoa vile vijiti kichwani akavishika mapajani.

—Basi mwongo, akasema. —Hakuwepo. Hajui hata pilipili ni nini. Kaona kiungo, kakitia mfukoni akaungie mboga.

Hata hivyo alimngoja. Mdomo ulisema mwongo, macho yalikuwa barabarani. Kila mbwa akibweka anatengeneza kitenge. Masika yakaisha, jembe halikuja. Tukasikia Makarius kapanda basi kwenda Kakonko kwa mjomba wake, analima kahawa na kufundisha vijana ngoma. Esteri akasema, "Aende." Akapika ugali siku ile, haukuiva.

Mwaka wa pili, Dadi kiongozi wa ngoma akapita kwangu kutafuta ngozi ya mbuzi. Mzee mtaratibu, hajui kupamba neno. Esteri akamwandalia chai, akakaa mbele yake kama mtu wa kawaida anayeuliza habari za kawaida.

—Baba Dadi, hivi China mlifika?

—Tulifika. Kwani wewe unamsikiliza Bazilio?

—Nauliza tu.

—Tulifika, tukaloa, tukalewa. Makarius aliangusha heshima ya nchi kwa ile pembe. Mzee akaanza kucheka peke yake. —Halafu kwenye sikukuu ya wali akaenda kuimba kwenye mlango wa binti mmoja, utani tu, sisi wageni tunajaribu. Akapewa pilipili.

Esteri akaweka kikombe chini.

—Yeye alipewa pilipili?

—Kubwa. Naye si Muha? Akataka kurudi mlangoni aulize kwa nini. Mwenyeji wetu akamvuta shati karibu limchanike. Akamwambia kupitia mkalimani, "Hapa pilipili haiulizwi. Unakula wali wake wote, unashukuru, na mlango ule hugongi tena. Ukiuliza unamwaibisha binti." Makarius ile hakuipenda kuisimulia, anaona haya. Lakini aliishika. Aliniambia, "Baba Dadi, hawa watu wana heshima kuliko sisi tunaong'ang'ania."

Mbuzi alilia nje, ndiyo nikakumbuka mzee kaja kwa ngozi.

—Sasa yuko wapi? Esteri akauliza.

—Kakonko. Amepeleka jembe kwa kina Jeanne, binti wa kulekule, mwezi uliopita, wamepokea. Arusi wakishavuna. Wewe hukusikia?

—Nilisikia, akasema Esteri.

Hakuwa amesikia.

Nilitaka kwenda Kakonko mwenyewe. Nilishafunga hata nguo. Esteri akanifungulia nguo akazirudisha kwenye sanduku.

—Shangazi, jembe limepokelewa. Huyo Jeanne kanikosea nini?

—Basi mwandikie japo mstari.

—Nimwandikie nini? Kwamba nilimpima kama wanavyopima debe la maharage, na alipotimiza kipimo nikasema kapungua?

Nikanyamaza. Mimi kunyamaza, mjue jambo limekuwa zito.

Baadaye tukahamia Kibondo. Vita ya Burundi ilileta watu wengi kambini, na wageni wa magari meupe, na biashara ya chakula ikachangamka. Tukafungua mgahawa wa mabati karibu na duka la Hamis, mtu wa pwani, mpole, mwenye kujua bei ya kila kitu na mdomo usio na mlango. Wachumba walikuja kwa Esteri. Mwalimu alikuja, dereva wa lori alikuja. Wote aliwapa chai na maandazi wakaenda.

Na kila mwezi wa nne ananunua binzari na rosela kwa Hamis, anapika wali wa rangi. Wateja wanaupenda wanaumaliza. Fungu moja la jani la mgomba haliuzwi. Linakaa kwenye rafu juu ya meko mpaka jioni, kisha analila mwenyewe. Mimi sikuwahi kuuliza. Na mimi nilishajifunza Kimiao.

Mwaka wa tisini na nane, mwezi huohuo wa nne, siku ya mvua kubwa, mtu kainama kuingia mlangoni, koti la kijani limepauka, maji yanamtiririka. Wateja walikuwa wameshatoka.

—Mwidiwe, shangazi.

—Umeloa, nikasema. Ndilo lililonitoka. —Umebarikiwa.

Makarius akacheka kidogo. Akamwona Esteri kwenye meko. Wakasalimiana kama watu wa ofisini.

—Watoto hawajambo?

—Hawajambo, wawili. Jeanne naye hajambo.

—Kaa, ule.

—Sikuja kula. Nimeletwa na ngoma, tunapiga kesho hapa mjini. Akazungusha kofia mikononi. —Esteri, nimekuja kuuliza kitu ambacho kule hakiulizwi.

—Uliza. Hapa ni Kibondo.

—Ile pilipili. Ulimaanisha?

Nilijua leo siri inatoka. Miaka yote ile nilikuwa nimeibeba na mimi, na mzigo wa mwenzio una miiba yake. Esteri akakoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

—Nilimaanisha, akasema. —Sikukutaka. Nilikuwa mtoto, sikujua namna nyingine ya kusema.

Makarius akashusha pumzi kama aliyetua gunia la kahawa.

—Afadhali. Dadi kabla hajafa aliniambia ulimuuliza habari za China, ukabadilika uso. Tangu hapo nimekuwa nikishtuka usingizini. Mke wangu ni mtu mwema, hana kosa. Nilitaka tu nijue kwamba sikuacha mlango ambao ulikuwa wazi.

—Haukuwa wazi.

—Na wali wa rangi bado unapika?

—Nilipika mara ile moja. Hata rangi zake nimezisahau.

Alisema vizuri, bila kupepesa. Nikamheshimu. Alikuwa anampa mtu usingizi wake, kwa bei anayoijua yeye.

Makarius akavaa kofia. Mlango ukasukumwa, akaingia Hamis na mwavuli.

—Hodi, bibi zangu. Leo si ndiyo siku? Binzari niliipima juzi kwa mkono wangu.

Nikamkanyaga mguu.

—Bibi, mbona unanikanyaga? Nasema wali wa rangi. Mwaka huu Esteri nifanyie hisani, lile fungu lako la kwenye rafu, usilomuuzia mtu mwaka nenda mwaka rudi, niuzie mimi. Nitoe bei gani?

Mvua ikapiga mabati. Hamis akamtazama Makarius, akanitazama mimi, akagundua amechelewa kunyamaza.

Makarius akaenda kwenye rafu. Esteri alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha. Makarius akalishusha lile fungu kwa mikono miwili, akalifungua juu ya meza: manjano, nyekundu, kijani. Akachimba kwa vidole taratibu, kama siku ile.

—Hivi ni nini, Esteri?

—Kuni, akasema Esteri, mgongo kautupa kwetu. —Zimedondokea tu wakati napakua.

Makarius akavigeuza viganjani, vijiti viwili, laini, vimelala pamoja.

—Kuni za huku nimezichanja miaka yote hii, akasema polepole. —Sijaona hata moja iliyofungwa uzi wa kwaya.